Dubleri Ndani ya Ndoo ya Mchele

Alhamisi, 4 Aprili

Dubleri yangu, kile kioo cha kukuzia cha kamera, ilipotea jana, Jumatano, kati ya saa mbili asubuhi na saa sita mchana. Naandika wazi ili kesho nisijidanganye kwamba niliiweka vibaya. Sikuiweka vibaya.

Leo saa kumi na moja na nusu asubuhi, kama kila Alhamisi. Betri mbili, zimejaa. Trepie, ile miguu mitatu ya kamera. Lenzi ya milimita mia tatu, nimeipangusa. Nikainama kuvuta ndoo ya njano ya mchele chini ya kitanda cha chumba cha pili. Ndoo haiko.

Unyevu wa ziwa hili unaingia hadi ndani ya kioo. Ukungu unaota humo kama utando wa buibui, na ukishaota hautoki. Wenye uwezo wanaweka lenzi zao kwenye makabati ya umeme. Minye niko na mchele. Kilo nane za mchele wa bondeni, ndoo yenye kifuniko, na katikati yake dubleri ndani ya kifuko cha kitambaa. Sentimita tano na nusu, gramu 265. Inakaa kati ya kamera na lenzi, na mia tatu inakuwa mia sita. Miaka mitano bila doa.

Yaya Feza ndiye aliyeitoa. Dada yangu mkubwa. Yuko kwangu tangu Oktoba, alipotoka kijiji cha Katogota, na analala chumba hicho. Papa Lea, seremala, jirani wa nyumba ya tatu, alikufa Jumanne. Tumbo, siku tatu, basi. Jana wamama wa avenue, mtaa wetu, walipita kukusanya chakula cha kilio. Yaya hakuwa na kitu cha kutoa. Akaona aibu. Akaona ndoo.

"Mchele ulikuwa unalala tu," ameniambia. "Nilifikiri ni uchoyo."

Desemba nilimwambia asiuguse. Sikumwambia sababu. Hilo ni kosa langu na sitalitafutia mwenyewe mwingine.

Nilikwenda kwenye matete hata hivyo. Misambi, korongo wangu, wako pale pale, taji kichwani, mmoja juu ya kiota, mwingine amesimama. Jike na dume wanafanana, wanapokezana kulalia. Leo ni siku ya 23 kwa hesabu yangu. Mayai yanaanguliwa kati ya siku ya 28 na ya 31. Yaani kati ya tarehe 9 na 12.

Nina hasira, na sina wa kumkasirikia.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimekwenda kilio. Shitingi ya turubai, mabenchi, wanaume upande wa barabara, wanawake nyuma kwenye mafiga. Ndoo yangu nimeiona. Imeoshwa, imepinduliwa, iko ya sita kwenye mstari na ndoo za wengine. Mchele wote umemiminwa kwenye gunia moja.

Kwenye avenue yetu kitu kilichoingia nyumba ya kilio hakitoki mpaka matanga yatolewe. Hata kijiko. Anayekitoa mapema anamfungulia mlango mtu mwingine wa nyumba ile amfuate marehemu. Siamini. Lakini nimeishi hapa miaka kumi na tisa na sijawahi kumwona mtu akitoa kijiko.

Basi, nisimwaibishe Yaya, nikaomba kuchambua mchele bila kusema ninachotafuta. Minye, ambaye kwenye kilio huwa napiga foto ya jeneza na kuondoka. Wamama walicheka, wakafurahi kupata cha kuchekea.

"Mama Foto anachambua mchele. Mwezi ujao ataolewa tena."

"Acheni. Anatafuta ndege humo ndani."

Sinia nne. Mawe kumi na saba, mdudu mmoja. Dubleri hapana. Ndoo yangu ilimiminwa kati ya za kwanza, kwa hiyo iko chini. Gunia lilikuwa na kilo kama sabini, leo wamepika kumi na nne. Kwa mwendo huo watafikia mchele wangu Jumatatu au Jumanne. Nitakuwa pale, mkono wangu utakuwa wa kwanza. Matanga yanatolewa Jumanne hiyo hiyo. Inawezekana.

Jumamosi, 6 Aprili

Imepatikana, na si kwa mkono wangu.

Asubuhi panya walitoboa gunia. Wamama wakamimina mchele wote kwenye pipa. Hesabu yangu haikuwa na panya.

Kifuko kikaanguka juu. Kitambaa cheusi, nilikishona mwenyewe kwa kipande cha sketi. Kimefungwa kwa uzi mwekundu. Uzi mwekundu niliuchagua ili nisikikose ndani ya mchele. Leo nilikiona kama wao walivyokiona. Mwanamke aliyekishika alikifungua, kifuniko cha plastiki kikadondoka, na kile kioo kilichotokeza kikatazama juu.

"Iko na jicho," akasema. Akakiacha.

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa nafuu. Mtu amekufa kwa tumbo ndani ya siku tatu, tangu Jumanne watu wanasema sumu bila kusema sumu, halafu ndani ya mchele wa kilio chake kunatoka kitu cheusi chenye uzi mwekundu na jicho. Ningekuwa wao ningefikiri nini?

Shemasi Byamungu, anayeongoza maombi hapo, alikichukua kwa kitambaa cheupe bila kukigusa, akaondoka nacho hadi chumba cha maombi. Yeye aliruhusiwa kukitoa. Kijiko hakitoki, lakini hicho kilitoka.

Mama Lea, mjane, aliuliza jambo moja tu: "Kilitoka ndoo ya nani?"

Ndoo zilikuwa kumi na nne, mchele ulikuwa mmoja. Hakuna aliyejua. Yaya alinitazama. Nikatazama chini.

Papa Lea alikufa Jumanne. Ndoo iliingia Jumatano. Hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza. Nilitaka kuisema. Sikuisema. Wangejibu kwamba kilikuja kwa ajili ya waliobaki.

Mchele umefungwa, umewekwa pembeni. Mchana watu wote wamekula bugali.

Niko mwoga. Naandika tu ilivyo.

Jumapili, 7 Aprili

Sikwenda kanisani. Nilikwenda kwenye ukuta wa matofali, mahali pangu. Kutoka ukuta hadi kiota ni mita 240, nilizipima kwa hatua wakati wa kiangazi, pakiwa pakavu. Sasa njia ya zamani iko chini ya maji hadi kifuani, na viboko wawili wanalala humo. Siku zote nasema: sogea kwanza, ndipo uvute. Mwaka huu hakuna kusogea.

Watu huniuliza kwa nini sikununua lenzi ndefu moja kwa moja. Kwa sababu ile ya mia sita ina kilo mbili na ni ndefu kama mkono. Ukiibeba barabarani hapa, kila kizuizi watakuuliza unalenga nini. Ya mia tatu inaingia chini ya kitenge. Nilibaki na uamuzi mmoja: dubleri ndogo au kubwa. Yule muuzaji wa Bujumbura alikuwa nazo zote mbili, akaniachia nijaribu kwenye nondo za dirisha la ng'ambo ya barabara. Ndogo inazidisha mara moja nukta nne, inakula nusu ya mwanga, picha inabaki kali. Kubwa inazidisha mara mbili, inakula robo tatu ya mwanga, f/4 inakuwa f/8, ukali unalegea kidogo pembeni, na kamera yangu inajilenga kwa nukta ya katikati peke yake. Muuzaji alisema wote wenye akili wanachukua ndogo. Nilimwambia mwanga wa kwetu ni mwingi kuanzia saa moja na nusu, ila maji hayapungui kwa kuombwa. Nikachukua kubwa. Sijawahi kujuta.

Leo kwa mia tatu: ndege mzima, pikseli 290. Anaonekana vizuri, taji na yote. Kifaranga cha sentimita kumi na mbili kitakuwa na pikseli 35. Kwa dubleri, 70. Kati ya 35 na 70 ndipo yalipo maisha yangu wiki hii.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimekwenda kwa katibu wa kamati ya viwanja. Mtu mpole, hana ubaya, ana karatasi. Matete yote yatagawanywa viwanja, vigingi 212 viko tayari nyuma ya ofisi yao, nimevihesabu nikiwa nasubiri. Mwezi uliopita aliniahidi, na leo amerudia: kona ya kiota itaachwa nje ya mpango kama nitaleta ushahidi kwamba ndege wanazaa pale. Kikao ni Jumatatu tarehe 15, saa tatu.

Nikampa foto ya jana.

Akasema ndege mkubwa anapita tu, hata yeye anapita pale. Anataka kitoto.

Nikampa foto ya mwaka juzi, kitoto, nilikipiga kwa mia tatu siku moja ambayo dubleri niliisahau nyumbani. Aliivuta karibu na macho, akaisogeza mbali. "Mama, hii ni kuku."

"Kuku kwenye matete?"

"Kuku wanapotea."

Hakuwa anatania. Na minye mwenyewe, nilipoiangalia kwa macho yake, niliona kuku.

Nyumba yangu ya kwanza ilichukuliwa na ziwa. Najua maji yanakwenda wapi matete yakijazwa udongo. Lakini kamati haikuniuliza kuhusu maji. Imeuliza kuhusu kitoto.

Jumanne, 9 Aprili

Matanga hayakutolewa. Gentil, mtoto wa kwanza wa kiume wa Papa Lea, yuko Kalemie anasubiri mashua. Bila yeye hakuna kutoa kilio na hakuna kuamua lolote. Mashua ilikuwa iondoke Jumapili. Halafu jana. Sasa hawasemi siku.

Siku ya 28. Hakuna kitu kwenye kiota.

Nimemwambia Yaya nitakwenda kwa Shemasi niseme ni yangu. Aliweka chini sufuria.

"Weye uko na jina hapa," akasema. "Minye niko mugeni. Watauliza ndoo nani aliileta. Utasema nani?"

Nilianza kupangusa lenzi iliyokwisha kupanguswa.

"Basi. Wataanza na minye. Weye utabaki na dubleri yako."

Hakusema kwa ukali. Alirudi kwenye sufuria. Yuko sawa, na mayai hayamsubiri mtu.

Jumatano, 10 Aprili

Nimekwenda. Jina la Yaya sikulitaja, nilisema ndoo ni yangu. Hilo si uongo.

Nilibeba kamera na lenzi. Nilimwonyesha Shemasi mahali dubleri inapokaa, nikamweleza kioo, ukungu, mchele, uzi mwekundu, mita 240, kikao cha Jumatatu. Alisikiliza vizuri sana. Kusikiliza kwake kulinichosha kuliko kama angenifukuza.

"Mama Foto, minye nasikia. Na kichwa changu kinakubali. Lakini niko na familia ya marehemu mikononi. Nikikupa leo, kesho watasema Shemasi alirudisha kitu kwa mwenyewe."

Nikauliza kama ninaweza kukiona tu. Hapana. Nikauliza wamekifanya nini.

"Tunakiombea."

"Kikiwa ndani ya nini?"

"Tutaona Gentil akifika."

Chini ya meza kulikuwa na beseni, limefunikwa kitambaa cheupe. Pembeni yake paketi ya chumvi, imefunguliwa. Hatua nne kutoka kwangu. Kioo kikiingia maji ya chumvi kinakufa, hakuna fundi, hakuna mchele wa kukirudisha. Sikuona kama ndani ya beseni kuna maji. Sikuona kama kuna kitu.

Nimetoka pale na jibu ambalo si ndiyo wala si hapana. Miaka yote hii nimejifunza kazi peke yangu, nimetengeneza kamera zilizokwisha kutupwa, nimejenga mara mbili. Hatua nne sikuweza kuzipiga.

Alhamisi, 11 Aprili

Siku ya 30. Hakuna kitu.

Mchana Yaya alivaa kitenge chake cha kanisani, akaondoka bila kuniaga. Nilimfuata. Alipita mabenchi ya wanaume, ambako mwanamke hapiti, akafika mbele ya Mama Lea akakaa chini kwenye mkeka.

"Ndoo ile ya njano nililetaka minye," akasema. "Mchele ulikuwa wa mudogo wangu. Na kile kitu ni cha kazi yake ya foto. Nilikuwa sijui. Kama ni sumu, nipeni nikule."

Nilisimama nyuma yake. Nilifikiria barabara ya kukimbilia kwa mkuu wa avenue kama wangemvamia, na wanaume wangapi walikuwa pale. Ishirini na sita.

Mama Lea alisema wapike ule mchele uliofungwa. Ukapikwa. Dakika ishirini na tano, nilizihesabu. Wakamletea sahani. Yaya alikula mbele ya wote, polepole, kama mtu aliye kwake. Akamaliza. Akainua sahani.

"Maharage hayako?"

Kuna aliyecheka nyuma, halafu wengine. Mama Lea hakucheka, lakini alichota maharage kwa mkono wake mwenyewe, akamwekea Yaya, kisha mwenyewe akachukua kijiko akala kutoka sahani ile ile. Baada yake wakala wengine. Minye pia nilikula. Mchele wangu. Mzuri, mkavu kabisa.

Nikafikiri imekwisha. Nikamgeukia Shemasi. Akasema mchele umejisafisha, Mungu asifiwe, lakini kitu si mchele. Kitu kinamsubiri Gentil.

Nyumbani nilimwambia Yaya asante. Akasema nikanunue mchele mwingine, na safari hii niandike juu ya ndoo. Sikuweza kucheka.

Ijumaa, 12 Aprili

Saa moja na dakika arobaini. Kitoto kimetoka. Kimoja, rangi ya udongo mwekundu wa mvua, kinasimama na kuanguka. Mkubwa aliinua bawa, kikaingia chini yake, kikatoka tena. Kulikuwa hakuna upepo. Nilikaa saa mbili bila kubadilisha kitu chochote kwenye kamera.

Foto 114. Pikseli 35 kwa kadirio, 34 kwa kipimo. Nilizikuza nyumbani. Kuku.

Watakaa juu ya kiota kesho, labda na Jumapili asubuhi. Baada ya hapo watakiongoza kitoto ndani ya matete na hakuna lenzi ya mtu itakayokiona.

Gentil bado hajapanda mashua. Mama Lea alinipitia jioni, akanishika mkono, akasema upande wake hakuna neno, lakini yeye ni mwanamke na matanga ni ya Gentil. Namwamini. Haisaidii.

Nimemwandikia Shemasi. Yaya amepeleka barua mwenyewe na amemwona akiifungua. Nakala yake naiweka hapa, nisije kuambiwa baadaye sikuuliza vizuri.

*Shemasi,*

*Sikulaumu. Sikuombi unipe kitu kikae kwangu. Kilishatoka nyumba ya kilio, ulikitoa weye mwenyewe, kwa hiyo hakuna mlango kitakaoufungua tena.*

*Kama ni kikavu, Jumapili saa moja na nusu asubuhi njoo nacho kwenye ukuta wa matofali, ndani ya kitambaa chako. Nitakifunga kwenye kamera ukiangalia. Nitapiga kwa nusu saa. Weye utaweka jicho lako kwenye kamera kabla yangu, utaona kinachofanya. Nitakifungua, utakirudisha kumsubiri Gentil. Kikae huko mwaka mzima kama anataka.*

*Kama kimelowa, sema kimelowa. Nitakwenda kwa kamati na kuku wangu, na sitakusumbua tena.*

*Usiniambie tutaona. Usiniambie unakiombea. Kiko kikavu au kimelowa? Neno moja, kwa mdomo wako, kesho Jumamosi, saa sita mchana. Nitakuwa nimesimama mlangoni pako tangu saa tano na nusu.*